Jibu Lililosikika Vizuri: Kisa cha Mhasibu wa Shela

Mhusika wa kisa hiki ni mhasibu wa nyumba ya wageni huko Shela, kisiwani Lamu. Kiingereza chake hakina mashaka. Barua pepe za wageni wa Ulaya wanaoulizia vyumba vya Desemba hujibiwa na yeye, na mwenye nyumba hapeleki barua benki kabla mhasibu hajaipitisha macho. Ana nia ya kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile ya watu walio kazini tayari, na chuo anachokilenga kinataka alama za mtihani wa kujiunga. Alipokuja kwangu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu ninakofundishia, shida aliyoitaja ni hesabu: uwiano, asilimia, uwezekano. Kiingereza alisema tusikiguse, tutapoteza wakati.

Hesabu zikaja kuwa nyepesi. Mtu anayefunga vitabu vya fedha kila mwezi hashindwi na asilimia. Alikuwa amesahau kanuni mbili tatu tu za shuleni. Kilichomvuta chini, jaribio baada ya jaribio, ni pale alipopaona pa bure: sentensi za kusahihisha. Hapo alikosa zaidi ya alivyopata, na alikosa kwa kujiamini, bila hata alama ya kuuliza pembeni.

Kwa asiyeyajua maswali haya: unapewa sentensi moja ya Kiingereza, sehemu yake au yote imepigwa mstari, na chini yake majibu matano. Jibu A siku zote hurudia sentensi kama ilivyo. Mengine manne hubadilisha. Unachagua lile ambalo sarufi yake imenyooka na maana yake haina njia mbili. Hakuna kuandika chochote.

Kwanza ilibidi tujue ni mtihani gani, na hili si dogo. Wako watu wanaotumia fedha kujiandalia kitu kisichokuwepo. Kitabu alichokuja nacho kilikuwa cha mitumba, kimepigwa mistari kwa kalamu za rangi tatu na watu tofauti, na kilikuwa cha GMAT ya zamani, mtihani wa kujiunga na vyuo vya biashara. GMAT, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 1954, iliziacha sentensi za kusahihisha ilipotoa toleo jipya Novemba 2023, na toleo la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. Anayeifanya sasa hukuta sehemu tatu za dakika 45 kila moja, na katika sehemu ya lugha kuna maswali 23 ya ufahamu na ya kupima hoja, basi. Lakini baraza lilelile linaloiendesha GMAT lina mtihani mwingine, Executive Assessment, ulioanzishwa 2016 kwa ajili ya watu wenye miaka ya kazi mgongoni. Huo una maswali 40 kwa dakika 90, na sentensi za kusahihisha zimo. Chuo chake kinapokea wowote kati ya hiyo miwili.

Mtu mwingine ningemwambia aikimbilie GMAT ya sasa, aachane na sarufi. Yeye aliutaka huu wa pili kwa sababu maandalizi yake ni mafupi, naye ana msimu wa wageni wa kuuhudumia. Sikubishana naye. Tatizo lake nililiona lina dawa, ila dawa yenyewe haikuwa kusoma sarufi zaidi.

Nilimwomba afanye maswali nyumbani, na kando ya kila jibu analolikataa aandike sababu. Daftari liliporudi nilikuta neno moja limetembea ukurasa mzima: halikai. Jibu A, halikai. Jibu C, halikai. Kwenye majibu aliyoyachagua aliandika «linakaa», na mahali pamoja, «hili linakaa zaidi». Hakukuwa na kiima, kitenzi wala kiwakilishi popote. Alikuwa anasikiliza.

Ndipo nilipoelewa kwa nini Kiingereza chake kizuri ndicho kilichomponza. Mtu mwenye Kiingereza cha kubahatisha anajua sikio lake si la kuaminiwa, kwa hiyo huhesabu maneno, hutafuta kitenzi, huuliza. Mwenye Kiingereza cha kuteremka hahitaji kufanya hivyo kazini, na kwenye mtihani hakumbuki. Watunzi wa maswali nao wanajua. Jibu bovu hupambwa likasikika kama gazeti la biashara, na jibu sahihi mara nyingi huachwa likiwa na mwendo mzito, wa mtu anayetembea amevaa viatu vipya.

Na sikio lake lilikuwa limefunzwa wapi? Kwenye matangazo ya nyumba za wageni. Nilimwomba anisomee mstari wa kwanza wa tangazo lao, akausoma kutoka kwenye simu: «Nestled between the dunes and the sea, our guests enjoy complete privacy.» Nikamuuliza nani amejificha kati ya matuta ya mchanga na bahari.

«Nyumba, mwalimu.»

«Soma tena.»

Alisoma, akanyamaza, kisha akacheka mpaka akajifunika mtandio. Kwa Kiingereza hicho waliojificha kwenye matuta ni wageni wenyewe. Tangazo limekaa miaka, hakuna mgeni aliyelalamika, kwa sababu msomaji wa tangazo hujaza mwenyewe kilichokusudiwa. Mtihani haujazi. Kirai kikitangulia kabla ya koma, kinamshika yule anayefuata mara tu baada ya koma, awe ndiye au siye.

Hapo nikamtoa kwenye Kiingereza kwa muda. Nilimwambia auseme mstari ule kwa Kiswahili, polepole, na kila kitenzi akipe kiambishi chake. Akaanza: «Ikiwa imejificha kati ya matuta na bahari, wageni wetu...» akakwama. Ile «i» ya «ikiwa» inaitafuta nyumba. «Wageni» wanataka «wa». Haiwezekani kupita pale bila kujikwaa. Kwa Kiingereza unapita, kwa sababu neno «nestled» halikubeba kiambishi chochote cha kukuonya. Kosa ni lilelile. Lugha moja inalianika, nyingine inalifunika.

Hii ndiyo njia niliyomwekea, na nimeitumia na wengine: Mswahili ana mazoezi ya upatanisho wa kisarufi tangu alipoanza kusema, kila sentensi, kutwa kucha. Hakuna mtoto wa Lamu atakayesema «mzigo wa boriti zimefika». Mzigo umefika, hata ziwe boriti mia. Lakini mtoto huyohuyo akikua, mpe «The cargo of mangrove poles have arrived», ataipitisha, kwa sababu «poles» imekaa karibu na kitenzi na ina sauti ya wingi. Kwa Kiswahili neno la karibu halimdanganyi. Kwa nini limdanganye kwa Kiingereza? Kwa hiyo kazi ya kwanza mbele ya swali lolote: mtafute mwenye sentensi, mpe kiambishi kichwani, halafu nenda kwa kitenzi ukaone kama kinamjua. Vyote vilivyo kati yao, virai vya «of», vishazi vya «which», kila kilichofungwa kwa koma mbili, viruke kwanza.

Alibadilika haraka. Makosa ya umoja na wingi yalikaribia kwisha, na virai vya kuning'inia akawa anavinusa kabla hajafika kwenye kitenzi. Neno «halikai» tulilipiga marufuku daftarini. Badala yake akawa anaandika vitu kama «have, mwenyewe ni cargo, ni mmoja». Hiyo ni sababu. Inaweza kuwa sahihi au isiwe, lakini unaweza kubishana nayo.

Kisha akaangukia swali hili, ambalo nilikuwa nimemtungia kwa mambo ya hapahapa ili asijifiche nyuma ya ugeni wa mada:

«Unlike Mombasa, the streets of Lamu Old Town are too narrow for cars, so the transport of cement, water and household goods depend largely on donkeys.»

Yote imepigwa mstari. A ni hiyo. B inaacha mwanzo vilevile, ila «depend» inakuwa «depends». C inaanza «Unlike those of Mombasa, the streets of Lamu Old Town are...» na mwisho ni «depends». D inasema «Unlike the streets of Mombasa, Lamu Old Town has streets too narrow for cars, with the transport of cement, water and household goods depending largely on donkeys.» E inaanza kama C, lakini baadaye inasema «being too narrow for cars, and so the transport... depends».

A aliikata mara moja, kwa sababu iliyoandikwa: usafirishaji ni mmoja, kitenzi kimewekwa cha wengi. Vizuri kabisa. E pia aliikata, na hapa alinifurahisha: alisema mitaa imeachwa njiani, imetajwa mwanzo halafu haikupewa kitenzi chake, «being» si kitenzi kamili. Kweli. Zikabaki B, C na D, akachagua D. Kwenye daftari: «D imetaja streets of Mombasa kikamilifu, haijakatisha.»

Tazama alivyofika pale. D inatengeneza nusu ya kwanza ya ulinganishi kwa ukamilifu ambao A na B hazina. Macho yakiona «Unlike the streets of Mombasa» yanatulia, yanaona kazi imefanyika. Baada ya koma, hata hivyo, haisimami mitaa, unasimama mji. Mitaa ya Mombasa inalinganishwa na Mji wa Kale wa Lamu, na mitaa ya Lamu inakuja baadaye ikiwa imebebwa na «has», imechelewa. Mkia wa «with... depending» nao una sauti ya barua za kampuni, ile sauti anayoiandika yeye kila siku. D ilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Alipoambiwa ni C hakukubali, ila si kwa sababu ya sarufi.

«Mwalimu, na Mombasa je? Kibokoni kuna vichochoro mkokoteni na mtu hawapishani. Hiyo sentensi yenyewe ni ya uongo.»

«Huenda. Umeulizwa kama ni ya kweli?»

«Sasa nichague jibu la uongo?»

«Chagua jibu linalosema vizuri alichotaka kusema aliyeandika. Kama amedanganya, atajijua mwenyewe.»

Pingamizi lake silidharau. Mtu aliyezoea kukagua hesabu hukagua ukweli kwanza, na ndivyo anavyopaswa kuwa kazini. Katika aina hii ya maswali ujuzi wa mambo ni mzigo. Hoja moja tu ndiyo inayohukumiwa: maana iliyokusudiwa ni ipi, na ni jibu gani linaifikisha bila kuipinda. Aliyeandika alikusudia mitaa na mitaa. Hilo unalijua kwa sababu wembamba wa kuzuia magari ni sifa ya mitaa, mji mzima hauwi mwembamba kwa maana hiyo. Kati ya tatu zilizobaki, C pekee ndiyo inayoweka mitaa pande zote mbili, kwa neno «those».

Sasa, kwa nini upatanisho, uliomwokoa kwingine kote, ulimtupa hapa? Nilijaribu kwake dawa ileile: sema kwa Kiswahili. Akasema bila kusita, «Mitaa ya Lamu ni myembamba kuliko Mombasa.» Sentensi ikapita, hakuna kilichojikwaa. Mimi mwenyewe nikiwa sokoni naisema hivyo na muuzaji haniulizi kitu. Ngeli ziko sawa: mitaa, myembamba, hakuna la kushtaki. Kilichokosekana ni «ya» moja, «kuliko ya Mombasa», na katika mazungumzo tunaimeza. Samaki wa Kizingitini ni rahisi kuliko Malindi, nani amekosa kuelewa?

Kwa hiyo chombo tulichokuwa tukikitegemea kina pembe moja isiyoona, na pembe hiyo ndiyo watunzi wanaipenda. Maneno kama «unlike», «like», «than», «compared with», yakitokea, Mswahili asiliulize sikio la Kiingereza wala la Kiswahili cha barazani. Aishike ile «ya» iliyomezwa, airudishe kwa nguvu, halafu aulize Kiingereza kimeiweka wapi: ni «that of», ni «those in», au jina lenyewe limerudiwa? Isipoonekana popote, aangalie tena kama vitu viwili vinavyolinganishwa ni vya jinsi moja. Mji kwa mji, bei kwa bei, mvuvi kwa mvuvi.

Tulitunga nyingine za kujaribia. Urefu wa pwani ya Lamu kwa urefu wa pwani ya Kilifi, mapato ya bandari kwa bandari, ushuru wa jahazi kwa ushuru wa boti. Nyingi alizipata. Zilizomshinda ni zile ambazo ulinganishi umejificha katikati ya sentensi ndefu, hauko mwanzoni mwenye «Unlike» ya kukupigia kelele. Zile bado zinahitaji kazi.

Kuna kanuni za mtaani nilizozikuta kichwani mwake na nikazing'oa, nyingine zimeandikwa kwa wino mwekundu kwenye kile kitabu cha mitumba. «Ukiona being, kata.» Swali letu lingempa haki kwa bahati, lakini E haikufa kwa «being», ilifia kitenzi kilichokosekana, weka «are» mahali pa «being» na sentensi ni nzima. «Jibu fupi ndilo sahihi.» Hapa C ina maneno mawili zaidi ya B, na maneno hayo mawili, «those of», ndiyo yaliyoliokoa jibu. Kanuni hizi zina faida kwa mtu ambaye dakika zimemwishia na lazima aguse kitu. Kwa mtu mwenye muda ni uvivu.

Muda wenyewe uhesabiwe. Sehemu ya lugha katika Executive Assessment ni maswali 14 kwa dakika 30, dakika mbili na kidogo kwa kila swali, na vifungu vya kusoma hula zaidi ya fungu lao. Sentensi za kusahihisha ndizo zinazopaswa kulipia deni hilo. Dakika moja na robo, ukizidi unaiba kwingine. Mwanzoni alikuwa akisoma majibu yote matano kutoka mwanzo hadi mwisho, moja baada ya jingine, kama anayesoma barua tano. Hapo kuna upotevu mkubwa. Majibu hupangwa kwa mafungu: hapa «depend» dhidi ya «depends», pale «Mombasa» dhidi ya «those of Mombasa». Soma A kwa makini upate maana, kisha shuka na jicho likitazama mahali pamoja tu, mahali majibu yanapoachana. Uamuzi mmoja huua mawili matatu kwa mpigo. Kwenye swali la punda, kitenzi kinaondoa A, mwanzo wa ulinganishi unaondoa B, na ukitazama kinachofuata koma D nayo inakwenda. Zimebaki mbili, C na E, na kinachoziamua ni mahali pamoja tu: «are» dhidi ya «being».

Baada ya hapo likazuka jambo jingine, ambalo huwapata karibu wote wanaotoka kwenye sikio na kuingia kwenye sababu. Akaanza kuona makosa kila mahali. Sentensi iliyo sawa, jibu A, hakuweza tena kuichagua. Aliona kuichagua ni kama hajafanya kazi, na kila mara alipata pa kuishika. Kwenye daftari sababu zikawa ndefu na za kubuni. Sentensi moja aliikataa kwa sababu «which» ilikuwa mbali na jina lake, nayo ilikuwa imegusana nalo kabisa, koma tu ndiyo iliyokuwa kati.

A ni jibu halali kama mengine. Nilimwekea sharti: haruhusiwi kuiacha A mpaka ataje neno lenye kosa kwa jina na akiweke kidole. Akishindwa, na majibu mengine manne kila moja lina neno la kushikwa, basi A ndiyo. Sharti hilo limemrudisha katikati, ingawa siku akichoka baada ya kufunga hesabu za mwisho wa mwezi, naona bado anaikimbia A kwenye maswali ya mwishomwisho.

Mtihani wenyewe unaweza kufanywa nyumbani kwa mtandao, na hilo ndilo alilokuwa amelipanga. Umeme wa kisiwani ulipokatika katikati ya jaribio moja na simu ikabaki na chaji ya kubabaisha, akabadili mawazo: ataufanyia Nairobi, kwenye kituo. Wiki iliyobaki anataka sentensi za kulinganisha tu, zile ndefu, na ameniomba nimtungie ambazo theluthi yake jibu ni A.